MAGUGU HUPANDA MLIMA KWA VIATU

Ukaguzi wa njia za miguu ni ulinzi wa mlima, malisho na afya ya jamaa

Kila msimu wa ukavu watu huanza safari ya kupanda Milima ya Rwenzori kutoka wilaya ya Kasese, baadhi yao kwa njia ya Nyakalengija na wengine kwa njia ya Kilembe. Wapagazi hupima mizigo, wageni hukagua makoti yao ya mvua, na askari wa hifadhi huandika majina langoni. Uko mzigo mmoja usiopimwa wala kuandikwa: mbegu za magugu zilizoshikana na matope chini ya buti, zilizonasa katika soksi, au zilizojificha katika mikunjo ya mahema. Zote pamoja huenda zisifikie uzito wa chumvi ya kuungia mchuzi. Hata hivyo mbegu moja ikipata mahali palipokwanguliwa na nyayo, ikapata mvua na jua, yaweza kuanzisha kichaka ambacho wajukuu wa mpagazi yule watakifyeka bila kukimaliza.

Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi zenye milima watu wa kujitolea wamejitwika kazi ya kukagua njia za miguu ili kuyagundua magugu ya kigeni mapema. Kazi hiyo haihitaji trekta wala shahada ya chuo kikuu. Yahitaji macho, daftari, subira na uaminifu. Kwa wakaaji wa Kasese na Bwera, na hasa jamaa za askari jeshi na polisi ambao maisha yao ni ya kutembea na kuhama, ni kazi inayofaa kueleweka vizuri, kwani faida yake huanzia katika ng'ombe wa maziwa na shamba la mahindi kabla ya kufika kwenye theluji ya Margherita.

MAANA YA GUGU LA KIGENI

Si kila mmea uliotoka ng'ambo ni adui. Mahindi, mihogo na viazi vitamu vyote asili yake ni bara la Amerika, na hakuna mtu wa Kasese anayetaka kuviona vikiondoka. Vilevile si kila kichaka kinachokera ni cha kigeni. Mtunduru, ule mti mdogo wa miiba ambao maua yake ni nusu ya rangi ya zambarau na nusu ya manjano, ni mwenyeji wa Afrika, ijapokuwa nao huweza kujaa mahali malisho yalipochoka.

Gugu la kigeni ni mmea uliochukuliwa na binadamu, kwa kutaka au kwa kutojua, ukapelekwa mahali ambapo wadudu na magonjwa ya kwao havikuufuata. Huko ugenini hauna wa kuuzuia. Huzaa kupita kiasi, huizidi mimea ya wenyeji, na huenea bila kupandwa.

Mfano mzuri ni mti wa musizi, ambao Waganda wengi wanaujua kwa mbao zake. Katika misitu ya Uganda musizi ni mwenyeji na hauna kosa. Ulipopelekwa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki nchini Tanzania, na kupandwa huko katika karne ya 20, ndege walikula matunda yake na kuzitawanya mbegu, hata mti huo ukaingia katika msitu wa asili na kushindana na miti isiyopatikana penginepo duniani. Basi mmea ule ule waweza kuwa raia mwema kwao na mvamizi ugenini.

WATATU WA KUTAMBULIWA KWANZA

Anayeanza kazi ya ukaguzi hana haja ya kujua mimea yote. Yatosha aanze na mitatu.

Wa kwanza ni lantana, ambayo Waganda huiita akayukiyuki. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Wazungu waliipenda kwa maua yake, wakaisambaza katika makoloni kama pambo la bustani na ua wa nyumba. Shina lake changa lina pembe nne na vijimiiba, jani lake lina mkwaruzo na harufu kali likifikichwa, na maua yake hukaa kichala kimoja yakiwa na rangi mbili au tatu, manjano na waridi au nyekundu. Matunda yake madogo huwa ya kijani, kisha meusi. Ndege huyala na kuzidondosha mbegu popote wanapotua.

Wa pili ni gugu karoti. Limeitwa hivyo kwa kuwa jani lake limechanikachanika kama la karoti. Likiwa changa hulala chini kwa duara. Baadaye hupandisha shina lenye matawi mengi na maua madogo meupe kama punje. Katika hali nzuri huchanua baada ya majuma machache tu tangu kuota, na mche mmoja uliostawi waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu hizo ni ndogo mno, na husafiri kwa matope, maji, magari na magunia ya nafaka.

Wa tatu ni kishona nguo, ambaye hana haja ya kuelezwa. Kila mama aliyewahi kufua suruali ya mtoto aliyetoka malishoni anazijua zile sindano nyeusi zinazoshika kitambaa. Kishona nguo nacho kilitoka Amerika, na leo kimeenea karibu dunia nzima yenye joto. Madhara yake ni madogo kuliko ya wale wawili, lakini ni mwalimu bora kuliko wote. Huonyesha kwa macho jinsi mbegu inavyompanda mtu bila ruhusa na kushuka mahali inapotaka. Mbegu za gugu karoti hufanya safari hiyo hiyo, ila zenyewe hazionekani.

GUGU HUFUATA MAJESHI NA MISAFARA

Historia ya gugu karoti yawahusu sana watu wa majeshi. Nchini Australia, inaaminiwa kwamba liliingia katika jimbo la Queensland wakati wa Vita ya Pili ya Dunia pamoja na mitambo na ndege za jeshi la Marekani. Liliandikwa rasmi huko mwaka 1955. Nchini India liligunduliwa karibu na mji wa Pune katikati ya miaka ya 1950, na linadhaniwa kuwa lilikuja katika nafaka iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Kuhusu Ethiopia, wataalamu wametoa sababu mbili: nafaka ya msaada wakati wa njaa, na magari ya kijeshi katika vita vya Ogaden vya miaka ya 1970. Katika visa vyote vitatu hakuna aliyelipanda. Lilisafirishwa na watu waliokuwa na shughuli nyingine.

Afrika ya Mashariki nayo haikuepuka. Mwaka 2010 gugu hilo liliripotiwa Arusha, Tanzania. Mwaka 2014 kundi la wataalamu kutoka nchi kadhaa lilitoa matokeo ya ukaguzi uliofanywa kando ya barabara za Afrika ya Mashariki, Uganda ikiwamo, yakaonyesha kwamba barabara ndiyo njia kubwa ya adui huyu. Katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, lantana imejulikana kwa muda mrefu, na gugu karoti nalo limeripotiwa.

Tazama basi ramani ya wilaya ya Kasese. Barabara kuu kutoka Mbarara huvuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru, hupita katikati ya hifadhi, na kufika Kikorongo karibu na mstari wa ikweta. Pale Kikorongo hugawanyika: tawi moja huenda Kasese na Fort Portal, na tawi jingine huenda Bwera na Mpondwe, mpakani na Kongo. Malori ya mahindi, maharagwe, mafuta ya mawese na samaki hupita humo. Ng'ombe huvuka. Watu hushuka kujinyoosha miguu, kisha hupanda tena. Soko la Mpondwe huwakutanisha wachuuzi wa nchi mbili. Mahali penye biashara nyingi namna hiyo ni mahali pa heri. Vilevile ni mahali ambapo mbegu ya kigeni hupata usafiri wa bure kwenda pande zote.

KUTOKA BARABARANI HADI KWENYE BARAFU

Mji wa Kasese uko chini, penye joto, kwenye kimo kisichozidi sana meta 900 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita kiko meta 5,109. Kati ya vituo hivyo viwili mtu hupita mashamba ya kahawa na migomba, kisha msitu, kisha mianzi, kisha miti ya aina ya Erica yenye kufunikwa na ndevu za kuvu, na hatimaye bonde la lobelia kubwa na senesio zinazomzidi mtu kwa urefu. Hifadhi ya Milima ya Rwenzori iliundwa mwaka 1991, na mwaka 1994 shirika la UNESCO likaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Mimea mingi ya huko juu haipatikani ila katika milima mirefu ya Afrika.

Je, magugu hufikaje kileleni? Tangu mwaka 2005 wataalamu wa nchi mbalimbali wameshirikiana katika mtandao uitwao MIREN kulichunguza swali hili. Walipolinganisha milima ya mabara mengi waliona jambo moja likirudi kila mahali: idadi ya mimea ya kigeni hupungua kadiri mtu anavyopanda, na mimea ya kigeni iliyoonekana juu, karibu yote ilionekana chini pia. Maana yake ni kwamba gugu la mlimani kwa kawaida halishuki kutoka mbinguni. Huanzia bondeni, kando ya barabara na nyumba za watu, kisha hupanda hatua kwa hatua likifuata njia.

Mlima Kilimanjaro umetoa ushahidi wa karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mimea ya kigeni ilikuwa ikiongezeka kando ya njia za watalii, na nyasi moja ndogo ya Ulaya iitwayo Poa annua ilikuwa imepanda pamoja nao hadi nyanda za juu kabisa zenye baridi. Nyasi hiyo haina mabawa. Ilichukuliwa na viatu.

Kwa Rwenzori jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa mlima wenyewe unabadilika. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele vyake, barafu ilifunika karibu kilometa za mraba 6.5. Kufikia mwanzoni mwa karne hii ya 21 ilikuwa imebaki chini ya kilometa moja ya mraba. Joto likipanda, mmea uliokuwa ukishindwa na baridi hupata nafasi mpya ya kukaa. Mafuriko nayo huongeza kazi. Mto Nyamwamba ulipofurika tarehe 1 Mei 2013, ukaharibu Kilembe na sehemu za mji wa Kasese, na ukafurika tena mwaka 2020, uliacha mchanga na udongo mtupu kingoni. Udongo mtupu ndio kitanda ambacho gugu hukipenda.

HASARA KWA JAMAA

Huenda mtu akasema kwamba mambo ya lobelia na barafu ni ya wageni wenye kamera. Lakini hasara ya kwanza humpata mwenyeji.

Lantana ina sumu. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akiila kwa sababu ya njaa, ini lake huharibika, macho hugeuka manjano, na ngozi ya pua na masikio huchubuka akikaa juani. Matunda yake mabichi yamewadhuru watoto. Katika mbuga, kichaka chake huzima nyasi ambazo nyati na kobu wangekula. Kobu ndiye yule swala aliyemo katika nembo ya taifa la Uganda. Malisho yakipungua ndani, wanyama hutafuta chakula nje, na mkulima wa mpakani ndiye anayekesha akipiga madebe kumfukuza ndovu.

Isitoshe, kivuli cha lantana ni maficho mazuri ya mbung'o. Watu wa nchi hii hawana haja ya kukumbushwa maana ya mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwafanya watawala wa kikoloni kuwahamisha watu kutoka pwani za maziwa ya Edward na George.

Gugu karoti nalo hudhuru watu wenyewe. Wanaoligusa mara kwa mara huweza kupata upele na mwasho mkali wa ngozi, na chavua yake huwaletea wengine mafua na pumu. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu. Shambani hunyang'anya mahindi na maharagwe chakula cha ardhini. Jamaa ya askari inayoishi kwa mshahara mmoja, ng'ombe mmoja na shamba dogo nyuma ya nyumba haiwezi kuidharau hasara ya namna hiyo.

JINSI YA KUKAGUA NJIA

Ukaguzi wa njia unafanana na doria. Askari aliyefunzwa anajua kwamba doria isiyo na mpango ni matembezi tu, na kwamba taarifa isiyo na mahali wala saa haina faida kwa mkubwa wake. Kanuni hizo hizo hutawala hapa.

Kwanza ni ruhusa. Ndani ya hifadhi hakuna anayeruhusiwa kuingia na kung'oa mimea kwa hiari yake, hata akiwa na nia njema. Hapana budi kwenda kwa idhini ya Mamlaka ya Wanyama Pori ya Uganda na pamoja na askari wake. Katika Hifadhi ya Queen Elizabeth kuna simba, nyati na ndovu, na karibu na mpaka kuna mambo ya usalama. Mtu wa kujitolea hapaswi kuwa mzigo kwa wale wanaomlinda. Nje ya hifadhi, kando ya barabara na katika vijiji, yafaa kuwaarifu wakuu wa mahali.

Pili ni kikundi. Watu wanne hutosha. Mmoja hutazama upande wa kushoto, wa pili upande wa kulia, wa tatu hupima umbali na kusoma mahali kwa simu, na wa nne huandika. Atazamaye asiwe mwandishi, kwani macho yaliyoinama katika daftari hayaoni mche mdogo.

Tatu ni kipimo. Wachunguzi wa MIREN huchagua vituo 20 katika kila barabara, kuanzia chini hadi juu, vikipishana kimo sawasawa. Katika kila kituo hupima vipande vitatu vya ardhi, kila kimoja meta 50 kwa meta 2. Kipande cha kwanza hulala sambamba na barabara. Viwili vingine hufuatana kuelekea porini, hata umbo lote likafanana na herufi T. Kwa njia hiyo hujua kama gugu limebaki ukingoni au limeanza kuingia ndani. Baada ya miaka mitano hurudi mahali pale pale. Watu wa kijiji au wa kambi waweza kutumia vituo vichache zaidi, mradi kila safari warudi kwenye vituo vile vile.

Nne ni kuchagua mahali pa kukazia macho. Gugu jipya huonekana kwanza langoni, maegesho ya magari, madarajani, vituo vya kupumzikia, kando ya vyoo, mahali pa kupikia, na pale wapagazi wanapotua mizigo.

Tano ni daftari. Kila mstari uwe na tarehe, jina la njia, mahali, kimo, jina la mmea, idadi ya miche, na hali yake: mchanga, unachanua au umekwisha kuzaa. Jina la mkaguzi nalo liandikwe. Kama mmea haukutambulika, upigwe picha ya jani, ua na shina pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, kwa mfano sarafu. Mahali ruhusa ilipotolewa, tawi dogo laweza kukaushwa katikati ya magazeti na kupelekwa kwa wataalamu. Chuo Kikuu cha Makerere kina hazina ya mimea iliyokaushwa, ambamo mmea mgeni waweza kulinganishwa na wenzake.

Sita, na hapa ndipo wengi hukosea, ni kuandika sifuri. Kikundi kikikagua kituo na kukosa gugu, lazima kiandike kwamba halikuonekana. Ukurasa mtupu hausemi kitu; hausemi kama mahali palikuwa safi au kama wakaguzi walipita wakizungumza. Sifuri iliyoandikwa leo ndiyo itakayothibitisha, miche mitatu ikionekana mwakani, kwamba adui ndiyo kwanza ameingia na bado yuko katika uwezo wa mikono ya watu wanne.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya ukaguzi. Miche mitatu ya gugu karoti hung'olewa kwa dakika tano. Ekari tatu huhitaji watu wengi, fedha nyingi na misimu mingi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUNG'OA KWA AKILI

Gugu karoti ling'olewe kabla ya kuchanua, udongo ukiwa na unyevu, pamoja na mzizi wake. Anayeling'oa avae mikono mirefu, glovu na kitambaa puani. Mwenye pumu asishike kazi hiyo. Likiwa limekwisha kuzaa, lifungwe katika gunia lisilotoboka pale pale lilipo, kisha lichomwe mahali pa hatari ndogo ya moto. Kulibeba wazi hadi nyumbani ni kulipanda njia nzima.

Lantana ikikatwa juu tu huchipuka tena, mara nyingi kwa wingi kuliko mwanzo. Moto peke yake hauiui vizuri. Yapasa kuchimba kisiki, kukigeuza mizizi juu ili kikauke, na kurudi baada ya mvua kuondoa miche inayoota kutokana na mbegu zilizobaki ardhini. Mbegu hizo huweza kungoja kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kikundi kinachofyeka siku moja kwa shangwe na kisirudi tena kimefanya nusu ya kazi. Tena mahali palipofyekwa pasiachwe patupu. Nyasi za wenyeji zisaidiwe kurudi.

UA WA NYUMBA

Hapa pana jambo gumu. Ua wa lantana umewasaidia watu wengi wasio na fedha za kununua seng'enge. Huwazuia mbuzi wasile mboga, hauhitaji kumwagiliwa, na hupendeza. Kumwambia mama wa nyumba aung'oe leo bila kumpa kitu badala yake ni kumwachia mbuzi shamba lake.

Mabadiliko yaweza kufanywa kwa vipande. Upande mmoja wa ua hung'olewa mwanzoni mwa mvua, na pale pale hupandwa mmea wa kienyeji. Masale, mmea wa majani marefu ambao Wachaga wa Kilimanjaro na watu wengi wa nyanda za juu huutumia kuonyesha mipaka, huota kwa kipande cha shina na hukubali kubanwa pamoja. Kati ya masale huweza kusimamishwa fito hadi mmea ukomae. Msimu unaofuata hubadilishwa upande wa pili. Wakati huo ua wa lantana uliobaki upunguzwe kila unapochanua, ili usizae matunda ya kulishia ndege.

KAMBINI NA NYUMBANI

Askari hutembea kuliko mwananchi wa kawaida. Huhamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine pamoja na jamaa, kuku na vyombo. Milima ya Rwenzori yenyewe ilifungwa kwa watalii kuanzia mwaka 1997 hadi 2001 kwa sababu ya uasi, na katika miaka hiyo nyayo nyingi za njia zake zilikuwa za buti za jeshi. Hakuna watu wanaozijua njia hizo kuliko wale waliozilinda, na hakuna wanaoweza kuzisafisha vizuri kuliko wao.

Mambo yenyewe ni mepesi. Kabla ya kuondoka mahali, buti zipigwepigwe na kusuguliwa kwa brashi ngumu, hasa katika mifereji ya soli. Soksi na pindo za suruali zikaguliwe. Mahema, nyavu za kujificha na mifuko ya mchanga vikung'utwe hapo hapo vilipotumika, si baada ya kufika kambi mpya. Magari yaoshwe mahali pamoja palipochaguliwa, mbali na mto, na matope yaliyokaa juu ya magurudumu yaondolewe. Kisha mahali hapo pa kuoshea pakaguliwe kila mwezi, kwa kuwa mbegu zote za safari zitaota hapo. Huko kuota ni faida, maana adui amekusanywa mahali pamoja.

Nyumbani, sindano za kishona nguo zinazobanduliwa katika nguo zitiwe jikoni motoni, zisitupwe uani. Mahindi na maharagwe ya kupanda yaliyonunuliwa sokoni yapepetwe juu ya mkeka, na takataka zake zichomwe. Maua meupe ya gugu karoti yasichumwe kupambia meza wala shada. Watoto wafundishwe kutokula matunda ya lantana, na wafundishwe pia kuutambua mche wake mdogo. Macho ya mtoto yako karibu na ardhi kuliko ya mtu mzima, na aghalabu yeye ndiye anayeuona kwanza.

Shule nazo zaweza kuchukua sehemu yao. Darasa moja likikagua njia ya kutoka shuleni hadi barabara kuu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, baada ya miaka mitatu litakuwa na hesabu ambayo afisa wa kilimo wa wilaya aweza kuitumia. Watoto watakuwa wamejifunza hesabu, jiografia na elimu ya mimea kwa safari moja.

TAARIFA IFIKE KWA WAHUSIKA

Daftari linalobaki sandukuni halimsaidii mtu. Gugu lililoonekana ndani au mpakani mwa hifadhi liarifiwe kwa askari wa wanyama pori. Lililoonekana shambani au barabarani liarifiwe kwa afisa wa kilimo. Wenye simu za kisasa waweza pia kutuma picha katika iNaturalist, programu iliyoanzishwa mwaka 2008, ambamo watu wa nchi zote husaidiana kuyataja majina ya mimea na wanyama. Hata huko picha isiyo na mahali na tarehe ina thamani ndogo.

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth wamekuwapo vijana wa kujitolea ambao huwarudisha ndovu na kupeleka habari kwa askari wa hifadhi. Mlimani wako waongozaji na wapagazi, wengi wao Wakonjo, ambao tangu mwaka 1987 wana chama chao cha kuwahudumia wapanda mlima wa njia ya Nyakalengija. Watu hawa hupita njia zile zile mara nyingi kwa mwaka. Kuongeza daftari moja katika mzigo wao ni jambo dogo. Kuwafundisha mimea mitatu ni kazi ya siku moja.

Mvua za kwanza zikinyesha, miche huchomoza kando ya barabara ya Kikorongo hadi Bwera, katika uwanja wa kambi na nyuma ya jikoni. Wakati huo ndio wa kutoka na daftari, kwa kuwa mche wa juma la pili bado haujachanua, mzizi wake haujashika, na mtoto wa darasa la tatu aweza kuung'oa kwa mkono mmoja akiwa amevaa glovu.